Marshi Iliyofukuza Jeshi

Base ya Kamina, kambi ya jeshi nje ya mji wetu, haikuanguka kwa risasi. Iliangushwa na fanfari ya baba yangu, bendi ya matarumbeta. Hivyo ndivyo ilivyosemwa mjini kwetu, na hivyo ndivyo nilivyoamini mimi, kwa moyo wote na sehemu kubwa ya tumbo: kwamba baba alipopuliza sauti ya kwanza ya marshi yake, wimbo wa gwaride, mbele ya lango la kambi, wanajeshi waliruka vitandani kama panzi, wakakimbia pekupeku hadi Angola, na viatu vyao, kwa kuwa vilikuwa vimezoea nidhamu, vikabaki uwanjani vikitembea vyenyewe, kushoto-kulia, kushoto-kulia, mpaka muziki uliponyamaza. Kulikuwa na mtu aliyeapa kuwa aliviona. Kulikuwa na mwingine aliyeapa kuwa alikamata jozi moja akaifunga kamba nyumbani kwake, kwa sababu ilikuwa inapiga teke mbuzi.

Mimi nilikuwepo siku hiyo, mbele kabisa, nikigonganisha sahani za shaba kubwa kuliko kifua changu, na sikuona kiatu hata kimoja kikitembea. Haikunisumbua. Nilijiambia vilitembea upande ule mwingine wa uwanja. Mtoto wa mtu aliyefukuza jeshi zima kwa trompeti hana haja ya kuangalia sana, ana haja ya kusimulia, na mimi nilisimulia hadi midomo ikapasuka. Shuleni watoto wa wakubwa walikuwa na baiskeli na soksi. Mimi nilikuwa na marshi. Ilikuwa ndiyo mali yetu, na sikuona nyumba yoyote pale Kamina iliyotuzidi utajiri.

Kiangazi kilichopita, baada ya matanga ya baba, tulifungua chumba chake, na kabla hatujaona kitu ikatoka harufu: majivu na ndimu. Ndivyo alivyong'arisha shaba. Kila Jumapili ya utoto wangu ilinukia majivu na ndimu, na mikono ya baba ilikuwa na nyufa zilizoingiwa na ndimu hadi akawa anakula bukari, ugali wetu, huku akikunja uso kama anayekula sindano. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Dada zangu wakadhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni, lakini ya jambo jingine.

Baba alikuwa fundi wa injini za treni, na jioni alikuwa kiongozi wa fanfari ya watu wa reli. Watu walimwita Maestro, na yeye aliitika kama aliyezaliwa na jina hilo. Aliwachukia wanajeshi. Sisemi hakuwapenda, nasema aliwachukia kwa utaratibu, kama mtu anayenyunyizia bustani kila jioni. Chuki hiyo ilianza siku mkubwa mmoja kutoka Kinshasa alipotarajiwa kupita kwa treni, na fanfari ikasimamishwa juani tangu asubuhi hadi jua likapinda, ikicheza bila kupumzika, kwa maana hakuna aliyejua atafika lini. Hakufika kabisa. Mpiga klarineti alianguka usoni. Baba akaomba maji ya kumpa. Mwanajeshi mmoja akachukua trompeti ya baba, akailaza juu ya reli, akaipiga kwa kitako cha bunduki hadi mdomo wake ukawa bapa kama sahani. Baba aliinyoosha kwa nyundo ndogo, wiki baada ya wiki, lakini tangu hapo trompeti ile ilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Kila aliposikia mafua yale, alikumbuka.

Kwa hiyo redio ilipoanza kusema kuwa mapinduzi yameanza mashariki, kwamba wakombozi wanashuka mji kwa mji na jeshi la mkubwa yule linarudi nyuma mbele yao, baba hakununua chumvi ya akiba kama watu wenye akili. Alianza kutunga marshi ya kuwapokea.

Karatasi haikuwepo, na hata ingekuwepo angeogopa kuitumia. Aliandika kwa mkaa, kwenye upande wa ndani wa mlango wa jiko, zile herufi za solfa, d na r na m, na nukta zake. Na hapa ndipo penye ujanja wake. Wapigaji wake walikuja mmoja mmoja, kana kwamba wanakuja kumwamkia. Kila mmoja alionyeshwa mstari wake tu, akaukariri, baba akaufuta, akaandika wa mwingine. Mtu wa bombardo, lile bomba kubwa la shaba linalovaliwa shingoni, alikuwa na mstari wake tumboni mwake. Mtu wa tromboni na wake. Walifanya mazoezi bila sauti, kwa vidole, juu ya usukani wa baiskeli, juu ya mapaja kanisani. Hakuna aliyewahi kusikia marshi nzima. Ilikuwa nzima ndani ya kichwa cha baba peke yake. Mstari mmoja tu ndio baba hakuufuta, ule wa trompeti, maana huo ulikuwa wake na aliupenda mno.

Mama alikuwa adui wa kwanza wa marshi hiyo.

"Papa Kyungu," alisema akiwa ameshika mwiko, "unaandika kufa yetu ku mulango?"

"Iko do-re-mi tu."

"Do-re-mi yako itanivalisha kitambaa ya matanga. Futa."

"Minyi sifute."

"Basi minyi nafuta."

Akafuta kwa kitambaa cha sufuria. Baba akaandika tena. Mama akafuta tena. Mlango ule ulisuguliwa kuliko mlango wowote wa Katanga, hadi mbao zikang'aa, na herufi za mkaa zikaonekana vizuri zaidi.

Sasa lazima niseme habari za mapasa, kwani bila wao hutaelewa kitu. Wadogo zangu, Kyungu na Kabange, walizaliwa pacha, au mapasa kama tunavyosema. Kwetu, mapasa wakizaliwa, watu hawaji na pole wala hongera. Wanakuja na matusi. Wanakaa uani wakimwimbia baba na mama wa mapasa matusi mazito, kwa furaha, kwa ngoma, na wazazi nao wanawarudishia, kwa sababu bila matusi watoto watadhoofika. Mama wa mapasa anapakwa udongo mweupe, anazunguka sokoni, na anachokichukua hakuna wa kumnyima. Siku zile za Kyungu na Kabange niliona mama yangu akibeba nyama, sabuni na kuku wa watu, na wenyewe wanacheka. Nikaona kuwa huo ni utaratibu bora kuliko wote duniani.

Baba alichukua wimbo wa mapasa akauweka katikati ya marshi yake. Ule unaosema, na hapa ninasafisha sana kwa heshima ya wasomaji: *Mulafi weye, mulafi weye, moja haikukutosha!* Alisema nchi inazaa. Ilizaa uhuru wa kwanza, sasa inazaa wa pili, basi ni mapasa, na mapasa lazima yatukanwe ili yaishi. Sijawahi kusikia wazo zuri kama hilo. Mama, alipokuja kulisikia baadaye, alisema ni wazo la mtu ambaye hajawahi kuzaa.

Adui wa pili hakujua kuwa ni adui. Kila Jumamosi alikuja kwetu kutoka Base mwanamke mmoja mkubwa, mama Lisette, mke wa ajida, na ajida si cheo cha mchezo. Alileta makopo ya nyama ya jeshi na sabuni, akachukua unga na mafuta ya mawese. Yeye ni mtu wa mbali, wa msitu wa kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa kinatembea kwa magongo. Yeye na mama walipatana bei ya unga wa basoda, yaani wanajeshi, kama watu wanaotaka kuuana.

"Mama Kyungu, unga yako iko na muchanga. Unataka meno ya basoda ikatike?"

"Meno yao inakatika juu ya kukula bintu ya bantu."

"Ah! Unasikia mudomo! Ongeza kikombe moja juu ya tusi."

"Naongeza nusu. Nusu ingine ulisha kuiba."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa na mfupa ndani. Na wakati wao wanachekana hivyo, binti yake Lisette, wa umri wangu, alikuwa jikoni na mimi. Lisette aliimba katika kwaya ya kanisa la Base, na padri wao aliwafundisha solfa. Hilo sikulijua. Alisimama mbele ya mlango wetu, akatazama mkaa, na kabla sijafungua mdomo akauimba mstari mzima wa baba, laini, safi, kama mtu anayesoma jina lake.

"Iko muzuri," akasema. "Iko ya nini?"

"Iko ya kwetu," nikasema, na nikavimba kama andazi.

Wiki ile ile, mchana kweupe, ajida mwenyewe alikuja. Alimshika Lisette mkono mmoja na bunduki mkono mwingine, na alikuwa mrefu kiasi kwamba ilibidi ainame kuingia uani, ambako hakukuwa na kitu cha kuinamia. Alikuwa amemsikia mtoto wake akiimba akiosha vyombo.

"Mulango iko wapi?"

Lisette akaonyesha kwa kidevu. Alikuwa amelia. Ajida akaangalia zile d na r na m, akaona ni siri za kijeshi.

"Imba."

Lisette akaimba kutoka mlangoni, na alipofika katikati, mama yangu, aliyekuwa ameganda kama ukuta, akaitambua sauti. Hakuwa anajua kuwa baba ameweka wimbo wa mapasa ndani. Nikaona uso wake ukibadilika. Akawanyanyua Kyungu na Kabange, mmoja kila upande wa kiuno, akamkabili ajida, akaanza kumtukana kwa kuimba.

"Unanitukana? Mu macho yangu?"

"Njo kawaida, ajida! Wimbo iko ya mapasa. Mugeni akiingia mu nyumba ya mapasa lazima atukanwe, ao batoto banagonjwa. Na weye ututukane siye! Unataka bafe?"

Ajida akatazama mapasa, na mapasa wakamtazama, wakiwa na kamasi sawasawa. Akajaribu tusi moja dogo.

"Nguvu!" mama akapiga kelele. "Hiyo iko tusi ya katekista!"

"Nyiye Baluba, vichwa sawa mabehewa ya makaa ya Luena!"

"Na weye tumbo yako ilivaa mukaba juu isianguke ku barabara!"

"Bwana yako iko na mashavu ya chura!"

"Na weye, chura ilikataa kukuzala!"

Ajida alipata moto. Alitukana kwa Kiswahili, kwa Lingala, kwa lugha ya kwao msituni, na baadhi ya yale aliyosema nadhani alikuwa ameyaweka moyoni miaka mingi akisubiri ruhusa. Majirani walitoka. Hata Lisette alicheka, na ajida naye akacheka. Baba alisimama kando ya pipa la maji, shati limelowa. Kisha ajida akaacha kucheka ghafla, kama mtu aliyekumbuka cheo chake.

"Mapasa haitembee kushoto-kulia," akasema polepole. "Minyi nimetembea na marshi myaka yote. Hii iko marshi."

Akang'oa mlango. Sizidishi hapa: aliweka bega, akauinua kutoka bawabani, akauweka kichwani kama mwanamke anayebeba kuni.

"Leo nabeba mulango," akamwambia baba. "Kesho nabeba mwenye mulango."

Tangu siku hiyo baba alilala ndani ya behewa bovu pale stesheni, na sisi tulipika huku kuku wa mji mzima wakiingia jikoni kutuangalia. Mama Lisette hakuja tena Jumamosi. Lakini mtu wa kumkamata baba naye hakuja. Siku zikapita, na mimi kwa akili zangu nikatoa hitimisho: komanda wa Base ameusoma mlango, na ameogopa. Nilipowaambia watoto wenzangu walikubali mara moja. Nadhani pale ndipo viatu vilipoanza kutembea.

Kisha Jumamosi moja asubuhi mji ulijaa minong'ono, na baba akarudi nyumbani akiwa amevaa sare nyeupe ya fanfari.

"Tunaenda Base," alisema. "Tutawapigia marshi mu uso yao."

"Kupigia nani?" mama akauliza.

"Basoda."

"Basoda gani?"

Baba akafunga vifungo vya sare. Mama alimtazama kwa macho ambayo sikuyaelewa, macho ya kuchoka. "Basi ulete mulango yangu," akasema, akaingia ndani.

Mpiga sahani wetu alikuwa amekimbilia kwa wakwe zake, kwa hiyo nilivalishwa mimi koti lake, likanifika miguuni. Tulipanda lori la kubebea magogo. Nyuma yetu mji wote ulikuja kwa baiskeli, na safari yenyewe ni ndefu, jua na vumbi jekundu, na mtu hachoki kwa sababu anakwenda kusikiliza muziki. Nilishangaa kitu kimoja tu. Kila baiskeli ilikuwa na kamba. Nyingine magunia. Nilimuuliza mtu wa bombardo kwa nini watu wanakwenda kwenye fanfari na kamba, akanipiga kofi la kisogoni.

Lango lilikuwa wazi. Hapakuwa na mlinzi. Baba alishuka, akasimama pale barabara inapoingia kwenye nyumba za kambi, akainua trompeti yake yenye mafua.

Hata leo, baada ya yote, sitaki kusema uongo juu ya muziki ule. Mistari ile iliyokuwa imefichwa kwenye matumbo na mapaja ya watu ilikutana hewani kwa mara ya kwanza, na ikafahamiana. Bombardo ilitembea chini kama treni ya mizigo. Tromboni ilikuja juu yake kwa maringo. Klarineti ya yule aliyeanguka juani ililia kwa hasira, na trompeti ya baba ikapita katikati, imekwaruzika, mbaya, na nzuri kuliko kitu chochote. Nywele zilinisimama hadi kofia ikapanda. Baba alikuwa amefumba macho na machozi yanashuka hadi kwenye mdomo wa shaba. Ilipofika sehemu ya mapasa, umati mzima ukaimba, *Mulafi weye, moja haikukutosha!*, na nikaona milango ya nyumba za kambi ikifunguka, mmoja baada ya mwingine, yenyewe.

Wanawake walitoka. Walikuwa wamevaa vitenge vya Jumapili, na watoto wao wamepakwa mafuta, na mbele ya kila mlango kulikuwa na mizigo iliyofungwa vizuri, magodoro yamekunjwa, sufuria ndani ya mabeseni. Nilifurahi sana. Nilidhani wamejipamba kwa ajili yetu. Na watu wetu walipoweka baiskeli chini na kuanza kuchukua mabeseni na magodoro, nilielewa vizuri pia: nchi imezaa mapasa, na mwenye mapasa hanyimwi kitu. Niligonga sahani kwa nguvu zaidi.

Nilimwona Lisette. Alikuwa amesimama juu ya ngazi ya nyumba yao, na viatu vyeupe, ameshika mkono wa mama yake. Mtu mmoja wa mtaa wetu alivuta godoro lao, mama Lisette akalishika upande wa pili, wakavutana kidogo, na mimi nikasema moyoni, wanacheza kama walivyozoea na mama kupatana unga. Nilinyanyua sahani juu ya kichwa nikazigonga kumsalimia. Lisette alinitazama. Hakusalimu.

Halafu marshi ikaanza kupungua. Kwanza nilisikia tromboni haipo. Nikageuka, nikaiona imelazwa kwenye nyasi, na mwenyewe anatoka nyumba moja na feni. Klarineti ikanyamaza. Ngoma kubwa ikanyamaza. Bombardo ilivumilia kidogo, kisha mtu wake akaitoa shingoni, akaijaza unga wa watu kama gunia. Tulibaki wawili, trompeti na sahani. Baba akafumbua macho. Aliangalia huku na huku kama mtu aliyeamshwa ndani ya treni asijue ni stesheni gani. Nilidhani atapaza sauti, maana fanfari yake haikuwahi kuacha wimbo katikati, hata siku ile ya jua. Akaweka trompeti mfukoni mwa koti langu. Akaenda nyumba ya karibu, akainama, akang'oa mlango wa kijani, akaubeba kichwani. Niliendelea kugonga peke yangu mpaka waliponipandisha lorini.

Mlango ule haukuwa wetu. Ulikuwa na namba nyeupe za jeshi, na haukuenea jikoni, baba aliukata kwa msumeno. Mama hakumsemesha wiki nzima. Wake wa wanajeshi waliingia mjini kwa miguu na watoto wao, wakalala stesheni wakingojea treni yoyote. Mama alipika bukari sufuria kubwa, akanipa mimi kuishika, tukamtafuta mama Lisette hadi tukampata nyuma ya ghala. Mama akasema, "Mama Lisette, pole." Yule mwanamke aliyekuwa na mdomo mkali kuliko wote niliowajua hakutafuta tusi. Alichukua sufuria, akaimwaga juu ya reli, taratibu, mpaka mwisho, akaturudishia ikiwa tupu. Treni ilipopatikana waliondoka.

Wakombozi nao wakafika. Baba alikusanya wale wapigaji waliokuwa bado wana aibu ndogo, wakawapigia marshi pale stesheni. Komanda wao, kijana mwenye miwani, alisikiliza hadi sehemu ya mapasa, akamuuliza mtu maneno yanasema nini, akaambiwa. "Mapinduzi haipokelewe na matusi," akasema, na akaamuru waweke kaseti. Baba alikunja mikono ya sare yake, akarudi nyumbani, na sijui kama alitunga tena hata wimbo wa kumlaza mtoto.

Ndipo mji ukamtengenezea fidia. Watu waliokuwa na magodoro mapya hawakutaka kusimulia habari za magodoro. Walisimulia habari za trompeti. Baa nzima ilimwinulia glasi: Maestro, mwanamume aliyekimbiza jeshi! Baba hakukubali wala hakukana. Alikunywa. Na mimi niliichukua hadithi ile nikakua nayo. Nikaota ndevu nayo. Viatu viliacha kutembea nilipofika kama miaka kumi na minne, ninakubali, lakini jeshi liliendelea kukimbia.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na pikipiki ya teksi, nilipojiandikisha masomo ya jioni ili nipate diploma niliyoikosa. Darasa lilijaa akina baba kama mimi, magoti yamekwama chini ya madawati. Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa mwanamke mwembamba aliyehamia mjini mwaka ule, na alinichukia tangu siku ya kwanza aliposoma jina langu. Kazi yangu nzuri ilirudi imejaa wino mwekundu kama imechinjwa. Nilipouliza swali alimjibu mtu mwingine. Nikafanya mzaha, hakucheka. Na mimi ni mtu ambaye hata maiti ingecheka nikipewa muda.

Siku ya mtihani wa mazungumzo tuliruhusiwa kuchagua habari yoyote. Nilichagua ya kwangu. Nilisimama mbele ya ubao nikaitoa kwa nguvu zote, trompeti yenye mafua, lori la magogo, bombardo, panzi wakiruka vitandani. Darasa lilikufa kwa kicheko. Mmoja alianguka na dawati lake. Nikamaliza kwa kugonganisha viganja, Kifaransa kikiwa kimenitoroka, "Na basoda wote, mbio, mpaka Angola! Njo marshi ya papa yangu!"

Yeye peke yake hakucheka. Alingoja hadi kicheko kikaisha, kisha akaacha Kifaransa, akasema kwa Kiswahili cha kwetu, bila kupaza sauti, na nikamtambua kabla hajamaliza neno la kwanza: ndiyo sauti iliyouimba mlango wetu.

"Basoda hawakukimbia kitu. Walisha kuenda. Ndege zilikuya kubabeba jana yake, na papa yangu ndani, na siye banamuke na batoto tuliambiwa tufunge mizigo, tuvae, tungoje, tutabebwa kisha. Tulingoja. Asubuhi tukasikia fanfari. Mama akasema, njo hawa, bamekuya kutubeba. Njo tulifungua milango."